Gemu Imekupa C: Nani Aliyesahihisha?

Kamwene, msomaji! Wa Njombe na Makambako mmeshaitikia. Ninyi wa mikoa mingine, hiyo ni salamu ya huku kwenye baridi, na somo letu la leo linaanzia hukuhuku.

Tuseme ni Jumamosi, na wewe ni mwanafunzi wa kidato cha tatu hapo Njombe mjini. Mama amekutuma Makambako kwa shangazi, mwendo wa kilomita kama 60, ukachukue hela ya kumalizia mahitaji yako ya shule. Umeshaichukua na umeiweka mfuko wa ndani. Gari la kurudi lipo ila halijajaa, na konda anaapa kwamba linaondoka sasa hivi. Makambako unaijua. Barabara kuu ya kwenda Zambia inapita pale, ya Songea inachepukia pale, reli ya TAZARA nayo ipo, kwa hiyo kila mtu yuko safarini na kila mtu anasubiri kitu. Penye watu wanaosubiri hapakosi biashara ya kuwamalizia muda. Upepo unavuma kama kawaida yake, vumbi linaingia machoni, na kibanda cha gemu kiko hatua kumi tu kutoka stendi. Unaingia, eti kujikinga na upepo.

Nusu saa baadaye umemaliza hatua. Kwenye mpira kulikuwa na foleni, ukachukua gemu ya kupigana, na lile jitu la mwisho lililowashinda wenzio limelala chini. Unanyoosha mgongo. Skrini inakuwa nyeusi kidogo, halafu namba zinaanza kushuka moja moja: muda uliotumia, mara ulizopigwa, pointi ulizokusanya. Mwisho herufi moja kubwa inatua katikati, puu! C.

Washikaji nyuma yako wanacheka. Mmoja anasema, "Hiyo C ya hesabu imekufuata mpaka huku?" Kuna kitu kinakupanda kifuani, na kwa kweli hujashindwa, umeshinda! Lakini mkono wako tayari uko mfukoni unatafuta mia tano nyingine ili uirudie ile hatua, na mfuko pekee uliobaki na kitu ni ule wa ndani.

Subiri kwanza. Usiitoe. Hiyo herufi ndiyo somo letu.

KUSHINDA HAKUTOSHI?

Tuanze na swali la kijinga: kama umeshashinda, gredi ni ya nini? Kwenye bao au drafti, ukimfunga mwenzio mchezo umekwisha. Hakuna mzee anayetoka pembeni na kukuambia, "Umeshinda, lakini ushindi wako ni wa C." (Basi, wazee wa bao husema hivyo, tena kwa maneno makali zaidi. Ila hawaandiki popote.)

Gemu za mwanzo hazikuwa na gredi. Zilikuwa na hesabu. Space Invaders, iliyotoka Japani mwaka 1978, haikuwa na mwisho wa ushindi; maadui walizidi kushuka mpaka ufe. Kwa kuwa hapakuwa na kumaliza, kilichobaki ni kuhesabu ulifika wapi, na mashine iliweka juu ya skrini alama ya juu kuliko zote ili kila anayekuja aione. Mwaka 1979 ikaja Asteroids ya Marekani, ambayo ilimruhusu aliyefanya vizuri kuandika herufi tatu za jina lake. Mashine zile zilikula sarafu. Sasa fikiria jina la jirani yako limekaa juu ya lako. Sarafu nyingine inatoka mfukoni yenyewe.

Halafu zikaja mashine za nyumbani kama PlayStation, iliyoanza kuuzwa Japani mwezi Desemba 1994, na gemu za hadithi ndefu. Gemu ya hadithi ina tatizo moja: inaisha. Ukishajua nani alikufa na nani alitoroka, utairudia ya nini? Ndipo gredi inapofanya kazi. Hadithi imekwisha, lakini umepata C, na sasa kuna kitu kinadai. Sisemi hiyo ndiyo sababu pekee. Wapo wachezaji wanaopenda ufundi kwa ajili ya ufundi, kama anayefanya danadana mia peke yake uwanjani, na gredi huwafurahisha sana hao. Lakini kumbuka kwamba ile karatasi ya majibu imeandikwa na mtu anayependa urudi.

Hata herufi zenyewe zina ujanja wake. Wewe umefundishwa kwamba A ndiyo mwisho. Kwenye gemu nyingi za Kijapani, juu ya A kuna S. Devil May Cry ya kampuni ya Capcom, iliyotoka mwaka 2001, inakupa gredi kila unapomaliza kazi, na aliyefurahia A anaambiwa bado. Ilipotoka ya 3, mwaka 2005, mapigo yenyewe yakawa yanasifiwa mpaka SSS. Yaani dari linapandishwa kila unapolikaribia.

KILA GEMU NA MSAHIHISHAJI WAKE

Hapa ndipo nataka ukae vizuri, maana ndipo somo lilipo. Gredi inatoka kwenye kanuni, na kanuni hiyo aliitunga mtu.

Chukua Resident Evil 2 ya mwaka 1998, ile ya maiti wanaotembea. Mwisho inakupa herufi, na mambo inayoyatazama ni kama haya: ulitumia muda gani, uliseva mara ngapi, na ulitumia dawa za kujitibu kiasi gani. Tafsiri yake ni kwamba mwanafunzi bora ni yule anayekimbia, asiyeogopa kupoteza kazi yake, na anayevumilia majeraha.

Mwaka huohuo ilitoka Metal Gear Solid. Yenyewe haikupi herufi, inakupa jina, kuanzia Chicken, yaani kuku, mpaka Big Boss. Ili uitwe Big Boss unatakiwa, pamoja na mambo mengine, umalize chini ya saa 3, usife hata mara moja ukaendelea, na maadui uliowaua wasizidi 25. Umeona hapo? Ni gemu ya askari mwenye bunduki, lakini msahihishaji wake anataka upite kimyakimya na kuwaacha watu hai. Rudi kwenye Devil May Cry: huyo anataka madoido. Ukimpiga adui kwa pigo lilelile moja mpaka afe, umeshinda, lakini hakupi sifa. Anataka uchanganye mapigo, usiguswe, uwe kama unacheza ngoma.

Sasa mchukue mchezaji mmoja, tena awe wewe. Wewe ni mtu wa taratibu. Unachungulia kila kona, unaseva kila unapopata nafasi, hupendi kuua ovyo, na ukipata pigo linalofaa unalirudiarudia. Kwenye Resident Evil 2 utaangushwa kwa muda na kuseva. Kwenye Metal Gear Solid uchache wa uliowaua utakubeba, ingawa muda utakukaba. Kwenye Devil May Cry utaonekana mshamba. Macho ni yaleyale, vidole vilevile, roho ileile, ila majibu matatu. Je, lipi kati ya hayo matatu ndilo lililokujua wewe?

Zipo pia zinazoficha mtihani. Grand Theft Auto V ya mwaka 2013 ni gemu ya watu wazima, na najua wengine wenu mnaicheza hivyohivyo. Ukimaliza kazi inakupa medali ya shaba, fedha au dhahabu. Masharti ya dhahabu hayaandikwi kabla ya kuanza. Unayasoma baada ya kumaliza: ulitakiwa upige vichwa kadhaa, ulitakiwa usigonge gari. Mwalimu akikufanyia hivyo darasani mngegoma. Baraza la Mitihani, hata tulilalamikie vipi, hutoa fomati ya mtihani mapema ujue kitakachopimwa.

Na wale wa mpira msijifanye haliwahusu. Baada ya mechi ya FIFA au PES kila mchezaji ana namba yake kati ya 10. Kwenye FIFA anaanza na 6, akifunga inapanda, akipoteza pasi inashuka. Itazame namba ya kipa ambaye mabeki wake walicheza vizuri mpaka hakupigiwa shuti. Mara nyingi imebaki palepale ilipoanzia, kana kwamba hakuwepo. Kompyuta inahesabu kinachogusa mpira. Beki anayesimama mahali sahihi ili pasi isipigwe kabisa, huyo ni kazi kumpa alama, na kocha yeyote wa Ligi Kuu atakuambia mabeki wa namna hiyo ndio wanaolipwa.

Dada zangu ambao vibandani hamwingii, kwa kuwa kumejaa wavulana wenye midomo, ninyi mna simu ya mama. Angry Birds ya mwaka 2009 na Candy Crush ya mwaka 2012 zinawapa nyota mpaka tatu. Nyota mbili zinauma kuliko kushindwa kabisa, si ndiyo?

KWA NINI "KARIBU" INAUMA

Hilo la nyota mbili lina maelezo. Watafiti wa michezo ya kamari wamelichunguza muda mrefu: mtu aliyekosa kidogo tu mara nyingi hupata hamu kubwa ya kujaribu tena, kumshinda hata aliyekosa kwa mbali, ingawa wote wawili wamekosa. Akili yake inamwambia "nilikuwa nimeshaupata." Kwenye gemu ya ufundi hilo si uongo mtupu, kwa sababu mazoezi yanasaidia kweli, na ukirudia leo kesho utakuwa mwepesi zaidi. Lakini kuna vibanda vyenye mashine za dubwi pembeni, na ile hamu ya "karibu" haichagui. Mtu anatoka kwenye pedi ambayo ufundi unasaidia, anahamia kwenye sarafu ambayo ufundi hausaidii chochote, na bado anahisi yuko karibu. Kwa sheria ya Tanzania aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza kamari. Mwenye kibanda analijua hilo, nawe sasa unalijua.

Tuje kwenye mwili. Gredi ya gemu inahesabu mara ulizopigwa wewe wa kwenye skrini. Wewe wa kwenye benchi hakuhesabu. Ukikodolea skrini unapepesa macho mara chache kuliko kawaida, ndiyo maana yanakauka na kuwasha, na vumbi la Makambako linamalizia kazi. Kijana wa miaka 13 mpaka 18 anahitaji kulala saa 8 mpaka 10. Sasa piga hesabu yako ya usiku wa Njombe, hasa mwezi wa Juni na Julai ambapo baridi inauma mpaka mtu hataki kutoka chini ya blanketi, na simu imo ndani ya blanketi. Ukizima saa 7 usiku na kuamka saa 11 alfajiri, umelala saa 4. Usingizi ndio wakati ubongo unapoyapanga uliyosoma mchana yapate kukaa. Kwa hiyo anayekesha ili aipate S kwenye gemu anafuta mstari mwingine kwenye daftari, na skrini haitamwonyesha huo mstari.

Je, huu ni ugonjwa? Wazazi wengi wanasema ndiyo, kila wakikuona na pedi. Tuwe wa haki hapa. Mwezi Mei 2019 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani (WHO) zilipitisha orodha mpya ya kimataifa ya magonjwa, ya 11, ambayo ilianza kutumika Januari 2022, na ndani yake limo tatizo la uchezaji wa gemu. Ukisoma wanachokitazama utashangaa. Hawaulizi ni saa ngapi kwa siku, na wala hawajali una gredi gani. Wanauliza kama umeshindwa kujizuia kuanza na kuacha. Kama gemu imepanda juu ya mambo mengine yote, hata yale uliyoyapenda. Na kama unaendelea ingawa unaona kabisa inakuharibia. Tena kwa kawaida hali hiyo iwe imedumu miezi 12 na iwe imeharibu kweli masomo, familia au maisha yako. Shirika lenyewe linasema ni sehemu ndogo tu ya wachezaji wanaofikia hapo. Kwa hiyo anayecheza Jumamosi saa mbili na kurudi nyumbani akala ugali wake si mgonjwa, mama. Lakini kama umesoma maswali yale matatu ukanyamaza, tafuta mtu mzima unayemwamini, au nenda kituo cha afya ukaongee na mhudumu. Mnaongea tu, hakuna sindano.

C NYINGINE

Yule mshikaji aliyesema C ya hesabu imekufuata alikuwa anatania, lakini amegusa penyewe. Gredi ya gemu inakuuma kwa sababu imevaa nguo za shule.

Kwa hiyo tuifungue na ya shule pia. Matokeo ya kidato cha nne unayajua: A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, F ni 5, wanachukua masomo yako 7 bora na kujumlisha. Ukipata 17 ni divisheni wani, ukipata 18 ni divisheni tuu. Kati ya hao wawili kuna pointi moja, na mmoja nyumbani kwao wanachinja kuku.

Sasa kumbuka yaliyotokea mwaka 2013, ingawa ulikuwa mdogo au hujazaliwa. Mwezi Februari yalitangazwa matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, na zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata sifuri. Nchi nzima ilishtuka. Waziri Mkuu wa wakati huo, Mizengo Pinda, aliunda tume. Ikaonekana kwamba utaratibu wa kupanga madaraja ulikuwa umebadilishwa, na mwezi Mei serikali ikayafuta matokeo yale na kuagiza yapangwe upya kwa utaratibu uliotumika mwaka 2011. Yalipotoka upya, waliofaulu walikuwa wengi zaidi. Mtihani ulikuwa uleule. Karatasi za majibu zilikuwa zilezile, hakuna aliyeongeza hata nukta. Wapo vijana waliolala Februari wakiwa sifuri na kuamka Mei wakiwa na divisheni.

Usinielewe vibaya. Sikuambii gredi ni upuuzi. Wengi wa waliofeli Februari walifeli na Mei pia, na aliyekosa hesabu ya sehemu hakuijua kwa sababu kanuni imebadilika. Gredi inasema kitu cha kweli, lakini kitu kidogo: kwamba kwa mambo haya yaliyohesabiwa, kwa kanuni hii, siku hiyo, ulipata hivi. Haijui kwamba ulitembea kilomita nane kwenda shule, na haikuulizwa. Kuna vijana ambao baada ya matokeo walijifungia ndani siku kadhaa bila kula, na wengine waliwaza kujidhuru, kwa sababu waliisoma ile herufi kama jina lao. Kama mwenzako amefika hapo, usimwache peke yake usiku huo. Kaa naye, na mwambie mzazi au mwalimu mapema.

ZOEZI

Chukua daftari. Kumbuka mara ya mwisho ulipocheza gemu, iwe kibandani, kwa jirani au kwenye simu. Andika kwanza yale ambayo gemu iliyahesabu. Chini yake andika ambayo haikuyahesabu: shilingi zilizotoka na zilikuwa za nini, saa uliyolala, ulichokosa kula, nani mligombana naye, nani mlicheka naye mpaka machozi yakatoka. Hilo la mwisho usiliruke, maana nalo ni la kweli, na watu wazima hulisahau. Halafu tunga kanuni yako mwenyewe: kipi kina pointi nyingi, kipi kinakata. Mpe mwenzako dawati la pili atumie kanuni yako kwenye jioni yake, nawe utumie yake. Mtabishana. Bishaneni hasa mahali ambapo majibu yenu hayafanani, na mseme ni nani aliyeweka nini kwenye kanuni, na kwa nini.

Na lile swali la kwanza bado lipo. Uko Makambako, skrini inasema C, washikaji wanacheka, mkono uko kwenye mfuko wa ndani. Nje konda anapigapiga bodi ya gari: "Njombe, Njombe, mmoja tu!" Utaandika nini kwenye daftari lako jioni hii?